Kabla ya Kuchimba Msingi Mgogoni

Anayekwenda Pemba kwa meli kutoka Unguja hushukia Mkoani, kusini mwa kisiwa, na Mgogoni yetu iko Kaskazini Pemba. Kwa hiyo kisiwa karibu kizima humpitia mbele ya macho kabla hajafika kwao: vilima vinavyopandana, mabonde ya mpunga katikati yake, minazi, na mikarafuu iliyosimama mirefu na kimya. Wanajiografia wa Kiarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na aliyepita njia ile wakati wa mvua hataona ajabu.

Safari hii tulipita msimu wa karafuu. Kila penye uwanja mkavu palitandikwa majamvi, na harufu iliingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mama watoto, ambaye ni mzaliwa wa Pangani na alikuwa hajawahi kufika kwetu zaidi ya siku tatu mfululizo, alivuta pumzi akaniuliza, "Basi hapa ndipo unapotaka tuzeekee?" Nikamjibu kwa haraka kuwa ndipo. Haraka ile niliijutia baadaye.

Nimesomesha skuli za Dar es Salaam kwa miaka zaidi ya thelathini. Kiinua mgongo kimetoka, binti yetu wa mwisho amebakiza mwaka mmoja wa masomo, na kodi ya nyumba haijui kwamba mshahara umekoma. Wenzangu wengi wa rika hili wameshanunua viwanja Mkuranga au Bagamoyo. Mimi niliona sina haja ya kununua: baba ameacha shamba na kiambo, na mimi ni mwanawe. Nilikuja na ramani ya nyumba ndani ya bahasha.

Siku mbili za mwanzo tulizunguka kama wageni wenye kupima. Soko la karibu ni Konde, na samaki wa kule sina haja ya kumsifia mtu aliyekula samaki wa barafu mjini. Msikiti uko hatua chache kutoka kiamboni. Adhana ya alfajiri huisikia bila kipaza sauti. Chuo cha Qur'ani kimejaa watoto. Hospitali ya kutegemewa iko Wete, na hilo kwetu ni jambo la kwanza kwa kuwa mama watoto ana kisukari na anatumia sindano. Dawa yake hutaka ubaridi, na ubaridi hutaka umeme. Hadi mwaka 2010 Pemba iliishi kwa majenereta, na waliokuwapo wanakumbuka giza lake. Mwaka huo ndipo waya wa chini ya bahari ulipoletwa kutoka upande wa Tanga. Mama watoto alikwenda mwenyewe Wete kuuliza kama dawa yake hupatikana na daktari wake yuko siku gani. Hakuniruhusu nimuulizie. Nadhani kila mume anayepanga kuihamisha familia angefaa aachwe nje ya mlango namna ile, asubiri na kusikia majibu kutoka kwa mwenye maradhi.

Binti yetu, kwa upande wake, alichunguza mtandao wa simu, akaridhika, akalala.

Jambo lenyewe lilizuka jioni ya siku ya tatu. Nilikuwa nimechukua kamba na vigingi, naupima uwanja ulio mbele ya nyumba ya zamani, pale palipo tambarare na penye upepo. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane na hajaondoka kiamboni tangu mumewe afariki, alikaa barazani akinitazama muda mrefu. Kisha akasema, kwa upole uleule anaosemea kila kitu: "Mdogo wangu, pahala pa kujenga papo. Lakini hapo unapopapima ndipo ninapoanikia karafuu. Na mali ya marehemu baba haijagawiwa."

Sikuwa na la kumjibu. Baba amefariki miaka kumi na minane iliyopita. Nilikuja maziko, nikakaa siku chache, nikarudi kazini. Tangu hapo dada ndiye aliyepalilia, aliyetafuta wachumaji, aliyechambua makonyo, aliyeanika, aliyefunika mvua ilipotisha, na aliyepeleka magunia kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo ndilo mnunuzi wa karafuu. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa kwa wingi msimu huu, huenda ukapumzika msimu ujao. Miaka ya mapumziko sikuwahi kumuuliza alikula nini. Miaka ya neema aliniletea fungu langu, nami nikalipokea bila kuuliza limehesabiwa vipi.

Usiku ule tuliandika hesabu kwenye karatasi. Baba aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mujibu wa Surat an-Nisaa, baada ya madeni na wasia, mke hupata thumuni, na kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke. Hapo mama alistahiki thumuni moja, kila binti thumuni moja, na sisi wanaume thumuni mbili kila mmoja. Mama naye alifuata, warithi wake wakiwa sisi sisi, kwa hiyo mali yote ikawa mafungu saba. Mikarafuu iliyo hai tulihesabu themanini na minne. Ishirini na minne ni yangu. Kumi na miwili ni ya dada. Kumi na miwili mingine ni ya dada yetu aliyetangulia mbele ya haki baada ya mama, na hiyo sasa inawahusu mumewe na wanawe, ambao wawili wako Muscat na hawajawahi kuulizwa neno.

Na hiyo ni miti tu. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, jambo linalowashangaza wageni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 imeiweka ardhi yote ya asili Zanzibar kuwa ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu hupata haki ya kuitumia. Wapo majirani wenye eka tatu walizogawiwa wazee wao baada ya Mapinduzi ya 1964, nazo zina masharti yake. Kiambo nacho ni cha ukoo. Kwa hiyo yule anayerudi na bahasha ya ramani akadhani anajenga "kwake" amekwenda mbio kidogo. Pemba si pana: takriban kilomita za mraba 980, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 540,000. Uwanja mtupu barani huenda kweli ukawa mtupu. Kule kwetu una mtu anayeanikia kitu.

Mdogo wangu wa kiume, aliyeko Tanga, alipopigiwa simu alisema jambo ambalo limekuwa likinisumbua. Alisema mimi ndiye mkubwa wa kiume, niligawe tu, watu watakubali. Nina hakika wangekubali. Dada angekubali kwanza kuliko wote, angehamisha majamvi yake nyuma ya banda, penye kivuli, na angenipikia wali siku ya kuchimba msingi. Ukubali wa namna hiyo ndio ninaouogopa, kwa sababu mwanamke mjane mwenye kumtegemea kaka yake hana nafasi kubwa ya kusema hapana.

Asubuhi nilimwomba radhi. Alicheka, akasema mimi bado mtoto. Kisha tukaenda pamoja kuonana na sheha, na baada yake tukaelekezwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo pamoja na kazi zake nyengine hushughulikia mirathi. Tuliambiwa tulete vyeti vya vifo, majina ya warithi wote na walipo, na mashahidi wanaoijua mipaka. Wana wa marehemu dada tumewaandikia. Mmoja amejibu, ametuma salamu, na ameuliza kwa adabu kama mikarafuu ya mama yake ilizaa mwaka jana.

Swali la nani atakaa na nani bado liko mezani. Nilipendekeza tujenge pembeni, juu kidogo, na uwanja ubaki ulivyo. Dada anasema juu kule maji hayafiki vizuri. Mama watoto, ambaye siku zote tatu alikuwa hajatoa kauli, ndiye aliyenena la maana: tusijenge kwanza. Tuje tukae masika moja nzima katika chumba cha zamani cha baba, aone njia ya Wete ikinyesha ipoje, na aone kama yeye na wifi yake wanaweza kupika jiko moja. Dada aliposikia alisema chumba kinavuja upande wa kibla.

Vigingi nimeving'oa. Mabati ya upande wa kibla nitayanunua Konde tukirudi, inshaallah, na pesa yake itatoka kwenye kiinua mgongo.