Huyo Mzee Anaimba, Haombi

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ililemea, na saa hii naediti dokumentari ya wanafunzi wa mwaka wa nne. Maisha ni ngori, manze.

Inafaa kuwa dakika 12, kuhusu wanamuziki wa mitaani hapa Nairobi. Mhusika mkuu ni mzee asiyeona, hupiga kinanda karibu na Archives, spika inatumia betri ya gari. Kelele ya pale mnaijua: makanga wakiita abiria, honi, mhubiri na spika yake mwenyewe. Zote ziliingia kwa maikrofoni moja. Nimekesha siku mbili nikipunguza honi tu, ndio mzee asikike.

Sasa mwelekezi anataka nimtoe sauti. Ati tuweke piano ya huzuni juu, tuonyeshe mkono ukitupa mbao kwa mkebe, polepole. Watu walie.

Nimekataa. Kuna klipu mzee anasimamisha wimbo katikati kwa sababu noti moja imetoka vibaya, anaanza upya. Na hakuna mtu amesimama kusikiliza! Msanii wa studio akirudia hivyo tunasema yuko makini.

Mwelekezi anasema mwalimu atapenda ile ya kulia, na alama ni zake, si zangu. Kweli. Lakini laptopu ni yangu. Hiyo klipu nimeipa sekunde 40 mfululizo, fremu 1,000 kamili kwa 25 kila sekunde, bila kukata popote. Namtumia Ijumaa. Nusu ya pesa yangu bado iko kwake, so tutaona.