Usiku Niliokuwa Nauita Bidii

Ninayotaka kushuhudia si makubwa. Ni habari ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta miaka mingi akijiita dizaina, huku kazi ya nusu saa akiimaliza alfajiri.

Kazi nilijifunzia Kariakoo, kwenye kichumba cha steshenari chenye kompyuta moja, printa moja na mashine ya kukatia karatasi. Aliyenifundisha alinionyesha namna ya kufungua CorelDRAW, kuandika jina, kupaka rangi na kuprinti. Yakanitosha. Nilipofungua ofisi yangu ndogo nilihamia na hayo hayo. Kompyuta nilibadilisha, toleo la programu nilibadilisha, mimi nikabaki vile vile.

Ofisi kama yangu inaishi kwa harusi. Zinaanza kadi za mchango, zinafuata kadi za mwaliko, na kila kadi ya mwaliko lazima iwe na jina la mgeni, na pembeni iandikwe Single au Double ili mlangoni ijulikane wanaingia wangapi. Mwenyekiti wa kamati anatuma orodha WhatsApp jioni, kadi anazitaka asubuhi. Basi mimi naegemeza simu kwenye spika, naandika jina, naprinti, nafuta, naandika jingine. Kadi 350, moja baada ya nyingine. Ukifika katikati, macho yanasoma Massawe na vidole vinaandika Massama, na hutajua mpaka mwenye kadi alalamike.

Asubuhi nilijisikia shujaa. Mteja akiuliza mbona macho mekundu, namjibu, "Kazi, bosi wangu." Na niliamini kweli. Kwangu mimi aliyekesha ndiye fundi. Aliyemaliza mapema amelipua. Nyumbani walishazoea kunifungulia mlango usiku wa manane, wakaacha hata kuuliza.

Kisha akaletwa binti wa chuo aliyekuwa anatafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo. Nilimpokea kwa sababu aliyemleta ni mtu ninayemheshimu, basi. Nilimpa kufagia, kutoa kopi za vyeti, kufuata chai. Kiti cha kompyuta sikumpa. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo kaka," nami naitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nauli ya daladala sikuwahi kumpa, na nilijua anatoka mbali.

Jioni moja ikaja orodha ndefu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, ulipopata kurudi giza limeshaingia na kadi hata moja haijatoka. Binti akasimama nyuma yangu akiangalia ninavyofuta na kuandika.

"Kaka, samahani. Naomba nikuonyeshe kitu."

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia aende kwao, usiku unaingia. Hakuondoka. Baadaye nikatoka nje kutafuta kahawa, nikarudi nikamkuta kwenye kiti changu.

Orodha alikuwa ameshaihamishia kwenye Excel, safu ya kwanza majina, ya pili Single au Double, akaihifadhi kama faili la maandishi matupu. Akarudi CorelDRAW, akafungua menyu ya File, akaingia Print Merge. Hapo mahali nilikuwa napapita kila siku nikienda kuprinti, sikuwahi kupabonyeza. Akaliita lile faili, akaweka alama ya safu ya majina kwenye mstari wa mgeni, na alama ya safu ya pili pembeni. Halafu akachagua majina yaunganishwe kwenye waraka mpya kwanza, ili tuyakague kabla ya kupoteza karatasi. Kurasa zikajipanga zenyewe, kila moja na mgeni wake, na kahawa yangu bado ya moto.

Nilitoa leso nikajifuta uso nikisingizia joto. Alikuwa na kila haki ya kunicheka, au angalau ya kuzima kompyuta na kuondoka. Badala yake akaniuliza, "Nikuonyeshe na nyingine?"

Sikustahili swali lile. Ndilo lililonifungua macho.

Usidhani nilipona usiku ule. Mkono uliozoea mausi ni mkaidi. Binti alinifundisha kwamba kwenye CorelDRAW ukichagua kitu ukabonyeza P, kinakwenda katikati ya ukurasa. Mimi nikawa naendelea kukisukuma kwa mausi nikikadiria kwa jicho, huku karatasi yenye herufi P nimeibandika ukingoni mwa skrini. Ctrl na D, inayotoa nakala ya ulichochagua, niliisahau na kuikumbuka kiasi kwamba aliacha kunikumbusha kwa mdomo, akawa anainyooshea kidole tu. Siku za mwanzo nilikuwa mzito kuliko zamani, na mara nyingi nilitamani kurudia nilichokijua.

Orodha ya kwanza niliyoiunganisha peke yangu ilikuwa ya kadi za mchango, zenye namba za simu za wanakamati. Excel ikiona 0754 inaichukua kama hesabu, sifuri ya mbele inaitupa. Sikukagua. Zikatoka kadi zenye namba pungufu, nikazirudia kwa gharama yangu. Sasa najua kuigeuza safu kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza namba yoyote. Najua pia kwamba jina lenye mkato katikati litavunjika vipande viwili kama faili lako linatenganisha safu kwa mkato. Tumia nafasi ya Tab.

Picha za pasipoti nazo zilikuwa adhabu, hasa zikija za darasa zima kwa ajili ya vitambulisho. Kwenye Photoshop kuna kitu kinaitwa Actions. Unabonyeza kitufe cha kurekodi, unafanya kazi kwenye picha moja, unasimamisha. Kisha unaiamuru irudie hatua zile zile kwenye folda nzima. Kukata sura bado nafanya kwa jicho langu, maana kila mtoto kakaa kivyake. Lakini vipimo, mwanga na kuhifadhi, vyote vinajiendesha. Uwezo huo ulikuja na Photoshop 4.0 mwaka 1996, kabla mimi sijagusa kompyuta. Ulikuwepo siku zote nilizokesha.

Mengine yakafuata kidogo kidogo. Nembo ya mteja naigeuza Smart Object kabla ya kuipunguza, ili akitaka ikuzwe tena isitoke na ukungu. Vijitabu nafanyia InDesign, vichwa vyote vikiwa na mtindo mmoja wa aya, kwa hiyo mteja akisema kijani hiki hakipendi, nabadili mahali pamoja na kijitabu kizima kinageuka. Ila kuna kinachookoa muda ambacho sikipendi, nacho ni templeti za kupakua. Mtaa mzima umejaa kadi zenye maua yale yale, bibi harusi hajui yake ni ipi.

Siku hizi nasoma habari za watu waliotutangulia. Kunakili na kubandika, tunakofanya bila hata kufikiri, kulitengenezwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott huko Xerox PARC, California, katikati ya miaka ya 1970. Tesler alifariki Februari 2020, na siku hiyo bila shaka nilinakili na kubandika kutwa nzima. Nimekula jasho la watu nisiowajua, na la binti mmoja niliyemjua nikamdharau.

Alimaliza muda wake, akafungua kazi zake. Nilimwomba radhi kabla hajaondoka; akacheka, akasema yameisha. Kazi zinazonizidi nampelekea yeye. Muda niliookoa sehemu kubwa nautumia kusoma majina, moja moja, kabla ya kuprinti, na saa mbili usiku nafunga mlango.

Wewe unayesoma haya huku orodha ya wageni imeegemezwa kwenye spika, hifadhi kazi yako kwanza, kisha uifungue ile menyu ambayo hujawahi kuibonyeza. Na kama hapo ofisini kuna kijana wa mazoezi, mpishe kiti akuonyeshe anachokijua. Jioni akiondoka, mpe nauli.