Hatua Hupimwa kwa Chenga

Katika mijadala yetu ya maendeleo, wastani umekuwa mfalme. Tunasomewa wastani wa kipato, wa mavuno na wa bei, na aliye mbali na wastani huo hana pa kujiona katika jedwali. Ndugu msomaji, hivi karibuni nimeipata hoja nzito dhidi ya mazoea hayo mahali nisipopatarajia: ndani ya programu ya kompyuta ya mwanafunzi wangu wa uzamili.

Kijana huyu anachunguza jinsi mchele unavyotiririka kutoka katika kihenge cha chuma, na kwa nini chenga hujitenga na punje nzima. Anatumia njia iliyoasisiwa na Peter Cundall na Otto Strack, ambao makala yao ya mwaka 1979 bado hurejelewa na kila anayeigiza mwenendo wa punje kwa kompyuta. Kila punje huchukuliwa kuwa tufe dogo. Kompyuta hukokotoa nguvu za mgusano, husogeza punje zote kwa kipande kifupi cha muda, kisha huanza upya, mara mamilioni.

Kwa majuma kadhaa programu ilimtesa. Mchele ulitulia kidogo, kisha punje zikaruka ghafla na kupenya kuta. Tulianza kwa kutazama jumla ya nishati, tukaiona ikipanda ilhali hakuna aliyeiongeza. Hiyo ni dalili ya hatua ya muda iliyo ndefu mno: punje huzama ndani ya jirani yake kabla kompyuta haijatambua mgusano, nguvu ya kuirudisha huwa kubwa kupita kiasi, na kila hatua hukuza kosa la iliyotangulia.

Hata hivyo, hatua yake ilikuwa fupi ya kutosha kwa punje ya wastani. Tatizo lilikuwa chenga. Ukomo wa hatua hufuata kipeuo cha pili cha tungamo. Chenga yenye kipenyo cha robo ya punje nzima ina tungamo ya 1/64. Ugumu wa mgusano ukiwa uleule, hatua iliyo salama kwake ni 1/8 tu ya ile ya punje nzima. Kilicho chepesi hutikisika upesi.

“Mwalimu, nikiziondoa chenga programu inatulia,” aliniambia. Ni kweli. Ingetulia pia kama angeziongezea chenga uzito, au kulegeza ugumu wa punje. Mbinu hizo hutumika, na zina mahali pake zikitajwa wazi na athari zake zikipimwa. Lakini yeye alikuwa akizichunguza chenga zenyewe. Kuziondoa kungekuwa kuliondoa swali. Akafupisha hatua. Katika kihenge kidogo cha majaribio akaigawa kwa nusu tena, na majibu hayakubadilika. Kazi ya siku 3 ikawa ya siku 24, tarehe ya kuwasilisha tasnifu ikampita, nami nikaandika barua ya kumwombea muda.

Najua binadamu si punje za mchele, na uchumi hauna fomula nyepesi kama hiyo. Lakini desturi ya kupima kwa wastani naiona ileile. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na taarifa za utekelezaji hutolewa kwa robo mwaka. Mama anayenunua mafuta ya kupikia ya kumtosha siku moja hutikiswa na bei siku hiyohiyo. Taarifa inapofika mezani, yeye ameshauza cherehani yake, na wastani haujasogea.

Basi tunapotangaziwa kwamba hali imetulia, tuombe kuoneshwa hatua iliyotumika kuipima. Tuulize pia kama chenga zimo katika hesabu, au zilichekechwa mapema ili jedwali lipendeze.