Mto Xingu, kwao pleko wa milia

IKIWA umewahi kuingia katika duka la samaki wa mapambo, huenda umemwona mmoja aliyejinata kwenye kioo kwa mdomo wake, ametulia tuli kana kwamba amebandikwa kwa gundi. Wengi humnunua ili awaondolee ukoko wa kijani unaoota tangini, wala hawajishughulishi kuuliza atokako. Huyo ni pleko, jamaa wa mbali wa kambare wetu. Kwao ni Amerika ya Kusini, na aina zake ni mamia.

Leo, msomaji, tumfuate mmoja tu kati yao hadi kwao. Safari yetu ni ya Altamira, mji ulio ukingoni mwa mto Xingu katika jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazil. Barabara ya Transamazônica, iliyopasuliwa msituni miaka ya 1970 wakati wa utawala wa kijeshi, hupitia hapa. Lakini mgeni akitaka kuujua mji huu, na aelekee mtoni.

Maji ya Xingu si ya matope kama yale ya Amazon. Ni maangavu, na yana joto linalokaribia nyuzi 30. Mto huu husafiri karibu kilomita 2,000 kuelekea kaskazini, lakini ukishapita Altamira hugeuka ghafla kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Kona hiyo, ambayo wenyeji huiita Volta Grande, yaani Kona Kubwa, ina urefu wa zaidi ya kilomita 100. Hapo maji huparamia miamba, hugawanyika kati ya visiwa, kisha huporomoka kwa kishindo.

Katika nyufa za miamba hiyo ndimo anamoishi pleko wa milia. Ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita 8 hivi. Mwili wake ni mweupe, umechorwa milia myeusi utadhani ni punda milia wa Maasai Mara aliyezaliwa na mapezi. La kustaajabisha ni kwamba duniani kote hana kwao kwingine ila sehemu hii ya Xingu.

Wataalamu walimpa jina la kisayansi, Hypancistrus zebra, mwaka wa 1991. Wafugaji hawakuwa na subira hiyo. Pleko wapya walikuwa wakiingia sokoni kwa kasi kuliko wanasayansi walivyoweza kuwapa majina, hivyo jarida moja la Ujerumani, DATZ, likaanza mwaka wa 1988 kuwapa nambari kama magari. Huyu wetu ni L46.

Waliomtoa majini ni wavuvi wa Altamira. Mzamiaji hutia mdomoni mpira mrefu unaomletea hewa kutoka kwa mashine iliyo mtumbwini, akateremka hadi chini, akaingiza mkono kwenye nyufa na kumtoa samaki taratibu. Ni kazi ya hatari, lakini ndiyo iliyolisha familia nyingi. Mwaka wa 2004 Brazil ilimtia samaki huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kumvua kukawa kosa. Hata hivyo, magendo hayakukoma. Samaki walifungwa katika mifuko ya plastiki na kuvushwa mipaka hadi Colombia na Peru, wengine wakifia njiani.

Pigo kubwa zaidi halikutoka kwa wavuvi. Mwaka wa 2011 ujenzi wa bwawa la umeme la Belo Monte ulianza. Mitambo ya kwanza iliwashwa mwaka wa 2016, na ya mwisho mwaka wa 2019, jumla ikiwa megawati 11,233. Ili kuizungusha, sehemu kubwa ya maji ya Xingu hukingwa na kupitishwa kwenye mfereji unaoikata ile kona. Volta Grande ikaachiwa masalio. Watu wa jamii ya Juruna, ambao mto huu ndio shamba lao na barabara yao, wamekuwa wakipima maji na kuhesabu samaki pamoja na wanasayansi, wakionyesha vile samaki wanavyokosa mahali pa kuzaa pale mafuriko ya msimu yasipofika msituni.

Kwa bahati nzuri, pleko wa milia huzaa tangini, mradi mfugaji ajue desturi za kwao. Ataka maji ya nyuzi 28 hadi 30, safi na yenye mkondo na hewa tele. Ataka vipango vidogo vya mawe au udongo, kwani dume ndiye hulala pangoni akiyapepea mayai kwa mapezi hadi yaanguliwe. Usimnunue akusafishie kioo. Huyu hupenda vyakula vyenye nyama, na hula usiku. Tena mayai yake ni machache mno, wala si mamia kama ya samaki wengine. Mwenye tangi la aina hii huogopa sana kukatika kwa umeme, kwani pampu ikinyamaza kwa muda mrefu, hewa huisha majini.

Siku hizi vifaranga waliozaliwa tangini huuzwa kutoka nchi kama Indonesia. Mwaka wa 2022, katika mkutano wa CITES uliofanyika Panama, mataifa yalikubaliana kumwekea samaki huyu masharti makali ya biashara. Basi mnunuzi popote alipo aulize kwanza: huyu amezaliwa wapi, na karatasi zake ziko wapi? Muuzaji akibabaika, mnunuzi na afunge mkoba wake aende zake.

Lakini hata matangi yote ya dunia yakijaa vifaranga, wavuvi na Wajuruna wa Volta Grande hawataishi kwa samaki wa matangini. Wao wangali wanadai maji yao.