Vidole Vinavyoelekeana

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu wetu hulitumia neno hili kila wanapotugawa katika makundi ya kazi. Hata hivyo, methali haisemi ni vidole vipi vinavyofaa, na aliyewahi kuua chawa anajua kuwa hata kumi havifui dafu iwapo havielekeani.

Jambo hili lilinibainikia nilipoombwa na wanafunzi watano wa uhandisi hapa Kisumu niwatafsirie hojaji. Walikuwa wakisanifu kikaushio cha omena kitumiacho joto la jua, kwani mvua ya ghafla huwaharibia akina mama wa ufuoni mzigo mzima ulioanikwa. Watano hao walikuwa wamechaguana kwa urafiki na kwa alama za juu. Kila mmoja alitaka kuchora. Hakuna aliyetaka kuuliza. Tulipofika Dunga, mama mmoja aliitazama michoro akasema, "Wanangu, sanduku hilo litachukua karai ngapi?" Michoro ilipima kwa kilo na nyuzi za joto, karai haikuwamo. Jioni hiyo walimwongeza wa sita: mwenzao wa alama za wastani, mzaliwa wa ufuo uo huo, ambaye mamake huuza omena. Wakamkabidhi vipimo vyote.

Kisumu imewahi kuona kundi lililoanza na mlengwa. Mwaka 2017, wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, waliojiita The Restorers, walibuni i-Cut, programu ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji, wakafika California katika mashindano ya Technovation. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Ukeketaji si mila ya Waluo, lakini wasichana hao walikuwa na marafiki waliokeketwa. Walijua wanamtumikia nani.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi yetu hapa. Anayeitwa kutafsiri hojaji huwa amechelewa, kwa kuwa maswali yamekwisha kupangwa. Yafaa tuwepo siku kundi linapoundwa, kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Na mwalimu agawaye makundi kwa kufuata orodha ya majina angeanza na swali moja: ni nani kati yenu anayemjua mtu atakayekitumia kifaa hiki?