Kabla Wimbo Haujaiva

Nyimbo za Queen zilifika Unguja ndani ya mabegi ya jamaa zetu wa Arabuni. Miaka ya 1980, karibu kila nyumba niliyokuwa nikiingia na kutoka Mji Mkongwe ilikuwa na mtu wake Muscat au Dubai, na mtu huyo akirudi likizo hakosi kanda. Kanda ikishaingia mtaani haikai kwa mwenyewe. Itatafutwa redio kaseti yenye deki mbili, itanakiliwa, na nakala nayo itanakiliwa, hata ikitufikia sisi wadogo matoazi hayasikiki tena na gitaa limezama ndani ya mvumo. Tulisikiliza hivyo hivyo, na tulipenda. Tulijua kuwa anayeimba ni mtoto wa hapa: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akaondoka na wazazi wake kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na huko dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mjomba wangu, aliyekuwa na santuri za Queen mbili za mwanzo. Ile ya kwanza, ya mwaka 1973, inamalizikia kwa kipande kifupi cha piano kisicho na maneno, kinachozidi dakika moja kidogo tu kisha kinafifia. Kinaitwa "Seven Seas of Rhye". Ile ya pili, ya mwaka 1974, inamalizikia kwa wimbo wa jina hilo hilo, safari hii mzima, una maneno na kishindo, na ndio uliowaingiza kwenye chati za Uingereza kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, mbona huu wa kwanza umekatwa?" nilimuuliza.

"Haukukatwa, mwanangu. Ulikuwa haujesha. Mwenyewe alikuwa bado anautunga."

Jibu lile lilinikaa. Kama wimbo ule ulikuwa na utoto wake, basi na mingine yote ilikuwa nao. Tangu hapo nikawa nasikiliza muziki nikiulizia hatua zilizopita kabla ya ile niliyoletewa: nani alitaka nini, kipi kilijaribiwa kikaachwa, na kilichoachwa kimelala wapi.

Kikubwa nilichokuja kukifahamu ni kwamba kazi yenyewe ya studio ndiyo iliyokuwa ikifuta nyayo zake. Chukua "Bohemian Rhapsody", iliyoanza kurekodiwa Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales. Mashine yao ilikuwa na njia 24, na sauti walizozitaka zilizidi hizo mara nyingi. Mercury na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, waliimba sehemu moja kwa pamoja, wakairudia, wakaimba ya juu yake, kisha sauti zote hizo zikaunganishwa kwenye njia chache ili zile za mwanzo zipate kurekodiwa upya. Kila walipounganisha, waliaga walichokuwa nacho. Utepe ulipita kwenye mashine mara nyingi mno hata ukachubuka; Brian May amesimulia mara nyingi jinsi walivyouinua wakaona mwanga ukipenya. Wimbo wa dakika karibu sita ukapatikana, ukakaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki tisa, na ngazi zilizoufikisha huko zikavunjwa na mikono ile ile iliyozijenga.

Kilichopona kilipona kwa bahati, au kwa sababu kuna mtu alikiweka. Mwaka 1971, studio ya De Lane Lea kule Wembley ilikuwa mpya na ilihitaji bendi ya kupiga kelele ili mafundi waipime mitambo na kuta zake. Queen, vijana wasio na fedha wala mkataba, walikubali, na malipo yao yakawa kurekodi bure. Walitoka na nyimbo tano: "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar". May alijiwekea santuri ya asetati ya nyimbo hizo. Asetati ni laini. Kila ukiipiga sindano huondoka na kidogo, kwa hiyo kuisikiliza ni kuimaliza.

Nakala za kazi ile zilizunguka kwa magendo miaka mingi. Mimi nilizipata mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye CD isiyo na jalada niliyoletewa na rafiki aliyekuwa akisoma Uingereza. "Keep Yourself Alive" ya pale inaanza kwa gitaa kavu lisilo la umeme, na bendi inaingia na uchangamfu ambao haumo kwenye albamu. May mwenyewe amekiri kuwa anaipenda zaidi ile. Nayo "The Night Comes Down" iliwashinda kuirudia: walipokuwa wakirekodi albamu katika studio ya Trident, London, saa ambazo wateja wenye kulipa hawapo, walijaribu kuitengeneza upya, hawakuridhika, wakaiingiza ile ile ya De Lane Lea. Sehemu ya jaribio la 1971, basi, ilikuwa ndani ya albamu tangu mwanzo, na watu waliinunua bila kuambiwa.

Kwenye kanda za magendo ndimo nilimosikia pia "Cool Cat" yenye sauti ya David Bowie nyuma ya Mercury. Bowie hakupenda alichoimba, akaomba kiondolewe, na albamu ya *Hot Space* ikatoka mwaka 1982 bila yeye kwenye wimbo huo. Kikao cha studio ya Mountain mjini Montreux kilichomkutanisha na bendi ndicho kilichozaa "Under Pressure", na chini ya wimbo huo kuna mwingine wa Taylor, "Feel Like", ulioachwa njiani. Nyimbo mbili, maamuzi mawili: mmoja ulipunguzwa mtu, mwingine ukamezwa na mkubwa wake.

Kisha Freddie akafariki, Novemba 24, 1991, na suala la kazi zisizokwisha likageuka kabisa. Zamani kipande kilichosalia kilikuwa masalio. Sasa ndicho pekee kilichobaki cha mtu. Wenzake watatu walikusanya alichokiacha, wakakitengenezea muziki, wakatoa *Made in Heaven* mwaka 1995. Ndani yake mna "Mother Love", wimbo wa mwisho kuimbwa na Mercury, mwezi Mei 1991. Ubeti wa mwisho anauimba May, kwa sababu Freddie alikwenda kupumzika na hakurudi tena studio kuumalizia. Sijapata kuusikiliza wimbo huo kwa moyo mwepesi. Pengo halikufichwa. Unaposikia sauti ikibadilika unajua ni kwa nini imebadilika, na nawaheshimu wale watu watatu kwa kuacha lisikike.

Albamu hiyo hiyo inafunguliwa na "It's a Beautiful Day", yenye vinanda vilivyotandazwa na mlio wa ndege. Mwaka 2011 ndipo wakatoa na asili yake: Mercury peke yake na piano, mjini Munich, Aprili 1980, akijaribu wazo lililomjia pale pale. Ni fupi, haina mapambo, na ni ya mtu anayecheka na vidole vyake. Nikizisikiliza mbili hizo kwa kufuatana napata kitu ambacho moja peke yake haina. Ya 1995 ni maombolezo ya marafiki. Ya 1980 ni furaha ya mwenyewe, asiyejua kuwa kuna siku italiliwa.

Mwaka ule wa 2011 ndipo walipoitoa rasmi na kazi ya De Lane Lea, kutoka kwenye asetati ya May. Milango ikazidi kufunguka. Novemba 2022 likatoka toleo kubwa la *The Miracle*, lenye diski nzima ya vikao vya studio. Humo mna "Face It Alone", wimbo wa mwaka 1988 ambao bendi ilidhani hauokoleki mpaka mafundi walipouunga kipande kwa kipande. Mna pia mazungumzo ya katikati ya nyimbo: wanataniana, wanarekebishana, wanaanza upya. Miaka 20 nyuma maneno yale yangekatwa bila kufikiriwa. Mwaka uliofuata, Septemba 2023, karatasi za utunzi za Mercury zilipigwa mnada London, na kwenye rasimu ya "Bohemian Rhapsody" watu wakaona ameandika kwanza "Mongolian Rhapsody", kisha neno la mbele akalipiga mstari.

Halafu Oktoba 2024 ikaja upya albamu ya kwanza, ndani ya sanduku la diski kadhaa, sasa ikiitwa *Queen I*. Tangu 1973 bendi ilikuwa ikilalamika kuwa ngoma zilirekodiwa kwenye kijichumba cha Trident kinachofisha sauti. Safari hii zikajengwa upya mpaka zikalia walivyotaka zilie, na wimbo "Mad the Swine", ulioenguliwa kwenye albamu na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ukarudishwa mahali pake. Ni haki yao, na ngoma zinapendeza. Lakini ile ya 1973, na kasoro zake, ndiyo ushahidi wa vijana wanne walioiba saa za usiku ili wasikike. Naitaka ibaki inapatikana daima, hata pale walioifanya watakapoikataa. Kurekebisha si dhambi. Dhambi ni marekebisho kukimeza kilichorekebishwa. Nashukuru kwamba ndani ya sanduku lile waliweka pia vikao vya studio, pamoja na nyimbo zilizoanza vibaya na kukatizwa.

Sisi Wazanzibari tuna sababu yetu ya ziada ya kuzithamini kazi hizi mbichi. Nyota ni wa dunia nzima, na mashabiki wake wanamjua tayari amevaa taji. Anayeimba De Lane Lea ana miaka 25, ameondoka Unguja miaka saba tu nyuma, hana albamu, na sauti yake bado inapima inaweza kufika wapi. Mara inapanda zaidi ya inavyohitajika, mara inajizuia. Huyo ni wa karibu nasi kuliko yule wa uwanja wa Wembley wa mwaka 1985, na bila ile santuri laini May aliyojiwekea tungemkosa.

Ndiyo maana nikikutana na vijana wanaorekodi kwenye studio zetu za leo huwa nawasihi jambo moja. Zamani utepe ulikuwa ghali na njia zilikuwa chache, kwa hiyo kufuta kulilazimu. Kwenye kompyuta hakulazimu, lakini ni kwa kubonyeza mara moja tu: mwimbaji anarudia kiitikio, kile cha asubuhi kinafutwa, na jioni hakuna anayekikumbuka. Kihifadhini. Kiandikieni tarehe na majina ya waliokuwepo, mkiweke pembeni ya kile mlichokichagua. Wimbo uliokamilika utawaonyesha watu mlikofika. Ule uliokataliwa ndio utakaowafundisha wajukuu wenu namna ya kufika.