Kipande cha Nyama Kooni

Kama miaka 1,800 iliyopita, tabibu wa Kichina Zhang Zhongjing aliandika kuhusu wanawake wanaohisi kana kwamba kipande cha nyama ya kuchoma kimewakwama kooni. Matabibu waliomfuata wakaiita kokwa ya tunda: ukimeza haishuki, ukikohoa haitoki. Mimi naipenda ile ya nyama choma. Mtanzania hahitaji maelezo zaidi.

Mama mdogo, wa Kibondo, alikaa na kipande hicho zaidi ya mwaka. Alikuwa akiuza mawese na ndizi kwenye soko la pamoja karibu na kambi ya Nduta, na huko akampata mwenzake, mtu wa Ruyigi aliyevuka mpaka na wimbi la 2015. Lugha haikuwasumbua, Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2018 mwanamume akapanda basi la wanaorejea kwao. Alipiga simu mara tatu. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani.

Hospitalini walimmulika koo, wakampima na tezi, wakamwambia, "Mama, huna kitu." Nashukuru walipima, maana koo linalokaba linaweza kuwa goita au saratani, na hayo hayangoji. Lakini mtu anayeshindwa kumaliza tonge tatu za ugali ana kitu.

Alipokuja kwangu Dar es Salaam nikampeleka kwenye kliniki ya Kichina, mojawapo ya zile zilizoanza kuonekana mjini miaka ya 1990. Daktari alitazama ulimi, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, kulia na kushoto, kisha akauliza kupitia mkalimani: Unashusha pumzi mara kwa mara? Mbavu zinabana? Umemkasirikia nani?

Kwao ini hubeba hasira, wengu mawazo, mapafu huzuni, figo hofu. Hasira isiyotoka huzuia chi, nguvu ya uhai, isitembee, na koo ni mahali pamojawapo inapokwama. Siamini kwamba hasira inakaa kwenye ini. Ila na sisi husema mtu amekatwa maini, na hakuna anayetafuta kisu.

Mama mdogo alicheka. "Kumbe na Wachina wana maini!" Halafu akajibu. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kukataa kumfuata. Nyumbani miaka yote tulijua ameachwa tu. Hatukujua kwamba aliombwa waende wote.

Akapewa pakiti za magome na mizizi ya kuchemsha. Bei sitaitaja, mama yangu husoma hapa. Alichokitambua humo ni tangawizi peke yake. Alikunywa siku nne, zilizobaki akaniachia, chungu mno. Wiki hiyo ugali ulianza kushuka, na mimi naliamini zaidi lile swali kuliko magome.

Asubuhi ya kuondoka, tukiwa tunasubiri basi la Kigoma, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kutoka Mabamba hadi Ruyigi nauli ni shilingi ngapi?"